Barua Elfu Mbili kwa Dakika Nne

Awinja, fundi wa kompyuta katika chuo kimoja karibu na Kakamega, aliitazama skrini asiamini. Barua pepe elfu mbili za kuwaita wanafunzi wapya, ambazo kila mwaka zilichukua siku nzima, zilikuwa zimetoka kwa dakika nne. Alichobadilisha kilikuwa kidogo tu. Zamani seva ilifungua njia na kuifunga kwa kila barua. Sasa njia ilibaki wazi, barua zikapita zikifuatana.

Mkuu wa chuo aliingia bila kubisha, karatasi mkononi.

"Awinja, simamisha. Orodha uliyopewa siyo. Hao ni wote walioomba."

"Zimeisha, mkuu."

"Zimeishaje? Si huwa zinaendanga mpaka jioni?"

Akamgeuzia skrini. Palipoandikwa barua zinazosubiri palikuwa na sifuri. Mkuu aliisugua sifuri ile kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta vumbi.

"Nafasi ni mia tatu," alisema. "Unaweza kuzirudisha?"

Awinja alifungua orodha ya zilizotumwa: zote elfu mbili zilikuwa zimeshawafikia wenyewe. Kazi alikuwa ameifanya vizuri.

Simu yake ikaita. Alikuwa mama yake, kutoka Khayega, na nyuma yake vigelegele.

"Mdogo wako ameitwa huko kwenu chuoni," mama alisema. "Tumeshamshika jogoo. Kumbe ulijua, ukaninyamazia?"

Mkuu alikuwa bado anangoja jibu.

"Mama," alisema Awinja, "huyo jogoo hebu mwachilieni kwanza."