Sala Iliyorukwa

Jumapili hiyo Pasta Ouko aliiruka Sala ya Bwana. Alitoka kwenye maombi ya kuombea nchi akaingia moja kwa moja kwenye matangazo, haraka haraka, kama mtu anayepita boma lenye mbwa mkali.

Waumini wakatazamana. Mzee Abner, Mlutheri wa tangu kuzaliwa katika kijiji kilichojaa Wasabato, alimngoja mlangoni.

"Pasta, mahubiri ukifupisha tutashukuru. Lakini hiyo sala huruki. Ukiiruka tena, askofu atanisikia."

Pasta akacheka kidogo, kicheko cha kuombea njia. Angemwambiaje mzee wa watu kwamba anaogopa mtoto wa miaka minne?

Mtoto mwenyewe ni Nyamoita, binti wa jirani zake, Onyiego na Orpah. Mimba ya Orpah ilikuwa imemletea presha, akakimbizwa hospitalini mjini alfajiri, binti bado amelala, na daktari akasema hatoki kitandani mpaka ajifungue. Onyiego akawa mtu wa kushinda huko. Nyamoita akaletwa kwa Pasta na mkewe, Tryphosa. Sasa hao wawili ni watu wa ziwani, Ekegusii, lugha ya kina Onyiego, kwao inaishia kwenye salamu, na Nyamoita Kiswahili ndiyo kwanza anakiokota hapa kijijini Nyamache.

Hata hivyo walielewana. Mtoto alikula, akalala, akacheza. Tena kila Tryphosa alipomwita mumewe "Baba Mitchell," kwa jina la mtoto wao wa kwanza, Nyamoita alicheka mpaka akakaa chini. Hawakujua kinachomchekesha, nao wakacheka tu.

Shida ilikuwa kanisani. Watu wakianza "Baba yetu uliye mbinguni," Nyamoita analia. Wala si kilio cha kudeka, ni kile cha msibani. Akitolewa nje, ananyamaza. Jumapili iliyofuata, vilevile.

Pasta alikosa raha kabisa. Miaka yote anahubiri kwamba Mungu ni Baba mwema, halafu neno la kwanza tu la sala linamtesa mtoto aliyekabidhiwa. Akaanza kumshuku Onyiego. Labda nyumbani kuna kiboko. Jioni moja Onyiego alipopitia kutoka hospitalini, Pasta alimchungulia dirishani. Nyamoita akamkimbilia akiita "Tata, Tata," akampanda mgongoni, akamvuta masikio. Tryphosa akasema hilo lazima ni jina la kubembelezana.

"Onyiego, huyu mtoto anakuogopa?" Pasta akamuuliza.

"Aniogope mimi? Mimi ndiye punda wake, Pasta."

Basi si hilo. Onyiego alipoondoka, Pasta akamketisha Nyamoita magotini.

"Unalilia mama? Mama yupo. Mama hajambo."

Nyamoita akageuka kumtazama Tryphosa, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Pasta, akisonga ugali pale pale. Hakuona habari mpya hapo.

"Mbinguni ni wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Pasta akafurahi. Hatimaye swali analoliweza. "Ni kule alikokwenda mzee Ochoki, yule tuliyemzika juzi. Ni kuzuri sana."

Nyamoita akaangua kilio ambacho hata andazi halikukiweza. Ndiyo maana Jumapili hiyo sala ikarukwa.

Lakini sasa Mzee Abner alikuwa ameshasema, na wiki iliyofuata alikaa benchi la mbele, amekunja mikono. Pasta akamtafuta Nyamoita kwa macho, akamwona kando ya Tryphosa, midomo imeshaanza kutetemeka. Moyo ulimuuma kwelikweli. Akajiambia kwamba leo ikishindikana ataomba uhamisho, maana mchungaji asiyeweza kumwonyesha mtoto mmoja upendo wa Mungu anachunga nini?

"Baba yetu," akaanza, polepole, "uliye mbinguni..."

Kilio kikapanda. Sauti za waumini zikafifia moja moja. Mzee Abner akabaki peke yake, akasonga mbele kwa ukaidi mpaka kwenye mkate wa kila siku.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Onyiego aliingia na begi na beseni, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Nyuma yake Orpah, amekonda, anatembea taratibu, kitoto kichanga kimefungwa ndani ya shali.

Nyamoita akageuka. Kilio kikakatika. Akachomoka mbio, akampita Onyiego kana kwamba ni nguzo ya stima, akaikumbatia miguu ya Orpah na kuuzika uso kwenye sketi yake, akimwita mama yake kwa Ekegusii, "Baba, Baba." Kisha akaigeukia madhabahu, machozi yote bado usoni, akapaza sauti kanisa zima lisikie:

"Pasta, Baba ametoka mbinguni."