Bata Wanane na Tembo

Korongo alikuwa mwalimu wa hesabu, na aliamini kuwa hesabu huingia kichwani kwa fimbo tu. Siku moja alimkuta kifaranga Kanga akivunjika mbavu kwa kucheka kitabu cha picha: bata wanane wamekaa kwenye benchi, Tembo anaketi ukingoni, bata watatu wanarushwa angani.

"Hesabu si mzaha!" Korongo alifoka, akakipokonya kitabu na kujifungia nacho ofisini. Punde darasa zima likasikia kicheko dirishani, halafu sauti yake: "Ala! Kumbe wanabaki watano!"

Akarudi uso kaukunja, akakusanya madaftari na kuanza kusahihisha upya nane toa tatu.

Kanga akanyoosha bawa. "Na zile fimbo ulizonichapa jana kwa kuandika tano, Mwalimu, utazifutaje?"