Udongo wa Shamba la Kwamboka

Sheria ilisema minyoo wote wa udongoni wanaoua wadudu ni mali ya Shirika la dawa, kwa kuwa bakteria walio matumboni mwao hutengeneza dawa ya kutibu watu. Mashine ya kukwangua udongo ilizunguka shamba la Kwamboka mpaka ikafika kwenye kaburi la bintiye.

"Hapo amelala mwanangu!" alifoka.

"Pole, mama. Tunachukua udongo tu," afisa wa Shirika alijibu.

"Alikufa kwa kukosa dawa hiyo hiyo! Mlimnyima, na sasa mnamfukua?"

Akajitupa juu ya kaburi, akazamisha vidole udongoni. Mashine ikazimwa. Afisa akainama, akapitisha kipimo cha kutambua minyoo hao juu ya mikono ya Kwamboka iliyojaa udongo. Kikalia.

"Mama," akasema kwa upole, "sasa itabidi tukuchukue na wewe."