Sijida ya Adhuhuri

"Bibi, mwaka huu umewahi kuanguka?" nesi aliuliza, fomu mapajani.

"Mie? Labda kuangukia usingizini," Bi Mwanatumu alijibu, akikificha ndani ya kanga kiwiko chenye kidonda.

Mwanawe alikwisha kusema: nesi akiandika kwamba mama hawezi kuishi peke yake, nyumba hii itafungwa na mama atahamia kwake, mji wa mbali.

Nesi aliutazama mswala uliotandikwa mbele ya kiti. "Unaswali umekaa?"

"Hicho kiti cha wageni. Mie nasimama, narukuu, nasujudu."

Hapo hapo adhana ya adhuhuri ikasikika.

"Basi swali, Bibi. Nitakusubiri."

Udhu alikuwa nao. Kisingizio hakuwa nacho. Miezi minne hakuwahi kushuka chini. Alirukuu, akainuka. Kisha akayashusha magoti, moja baada ya jingine, mpaka paji la uso likagusa mswala. Hapo alimwomba Mola jambo moja tu, ainuke.

Sijida ikarefuka. Alisikia kalamu ikiwekwa mezani, kisha kiti kikivutwa taratibu hadi ubavuni mwake.

"Allahu akbar," alitamka. Mkono mmoja ukabaki sakafuni. Wa pili ukainuka hewani, ukikitafuta kiti.