Taa ya Mume wa Kwanza

Kila aliyefariki huwashiwa taa yake angani, na isipotazamwa na jamaa zake mwezi mzima, huzimwa. Ndiyo maana Shaali humtegea mkewe, Mwanakombo, darubini uani baada ya magharibi, amtazame marehemu mume wake wa kwanza.

Jioni hii ilikuwa ya mwisho mwezi huo, na mkewe hakuwa ametazama bado. Kumwonea wivu mfu ni aibu, naye Shaali alijua. Hata hivyo alikiacha kifuniko cha lenzi mahali pake.

Mwanakombo aliinama, akatazama kwa kitambo, akatabasamu.

“Leo anawaka kuliko siku zote. Njoo nawe umsalimie, mume wangu.”

Shaali alipapasa mdomo wa darubini. Kifuniko kilikuwa palepale. Akainama, akalitazama giza.

“Naam,” akasema. “Namwona.”