Goti Lililokufa Ijumaa

Sheria ilikuwa moja: kila kitu cha chuma kilizaliwa na tarehe yake ya kufa, na ikishapita, kukitengeneza ni kosa. Goti la bandia la Elinazi lilikufa Ijumaa. Jumatatu alikuwa anatembea.

Mkewe, Namsifu, alikuwa ameokota mashine chakavu ya kukereza chuma, iliyokufa kisheria kabla yeye hajazaliwa. Miezi minne kabla ya Ijumaa hiyo aliikwangua kutu jikoni, akaibadilishia beringi, mpaka ikazunguka kwa utulivu. Kwa mashine hiyo akakereza pini mpya ya goti. Kilichomponza ni ukarimu: vinyuzi vya chuma vilivyobaki aliwagawia majirani wasugulie masufuria, na mtaa mzima ukang'aa kama kioo. Mkaguzi aliufuata mng'aro huo hadi mlangoni.

"Mama, goti hilo limekufa," alisema. "Haliruhusiwi kutembea."

"Baba Nakiete," Namsifu akamwita mumewe, "mletee mgeni chai."

Elinazi akainuka, akavuka chumba na kikombe kilichojaa pomoni, asimwage hata tone. Mkaguzi hakukigusa. Alifungua orodha ya vitu vilivyokufa, lakini hakuandika goti. Aliandika majina matatu ya Elinazi: lake, la baba yake na la babu yake.

"Kilichofufuliwa kinafutwa pamoja na anayekivaa," alisema taratibu, kama anayeomba radhi.

Namsifu akafuta grisi mikononi kwa kanga yake.

"Basi andika na langu. Na kalamu yako ikiharibika, usiitupe. Niletee."

Kisha akawasha mashine.