Kigoda cha Mgeni

Mgeni alipokaribishwa ndani alivipita viti viwili vizuri, akaenda kuketi juu ya kigoda ambacho Getruda hakupenda kikaliwe na mtu.

Getruda alikuwa ametoka kugeuza kahawa kwenye vichanja, mikono bado inanukia. Alivitazama viatu vya yule kijana, ambavyo hata vumbi la kijiji chao cha Hasamba lilikuwa limeshindwa kuvimaliza mng'aro, na moyo ukamwambia: ndiye.

Stamili, jirani yake, alikuwa amekwisha kumletea habari asubuhi. Alikuja akicheka tangu njiani.

"Mama Dina, chinja jogoo! Kuna mwanamume anazunguka kijiji kizima anamuulizia binti yako Tuku. Kapita kwa mzee wa kanisa, kapita dukani, kaja na kwangu. Eti anakunywa pombe? Eti anatembea na nani? Eti ukoo wenu ni watu wa namna gani?"

"Kasema katumwa na nani?"

"Mshenga gani anasema katumwa na nani? Nimemsifu mtoto mpaka koo limekauka. Siku ya harusi mimi nakaa meza ya mbele."

Ndivyo ilivyo kwao. Ukoo unaotaka kuoa hutuma kwanza mtu mtulivu apite kwa majirani, aulize bila kujitaja. Na mzazi wa binti hamuulizi alichofuata. Huko ni kukosa adabu. Zamani mtu kama huyo aliketi juu ya kigoda hichohicho, akamuulizia Dina, mtoto wa kwanza. Getruda alimsifu Dina kwa moyo wake wote. Dina akaolewa Kigoma, akafia huko akijifungua, na mama yake aliposhuka kwenye basi la mwisho, udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka. Tangu hapo kaburi la mwanawe huliona kwa kufumba macho tu.

Alibaki mdogo wake, Tukuswiga, aliyesomea kompyuta akaajiriwa Dodoma. Baba yao alishalala kaburini nyuma ya migomba. Kila Jumapili mchana Tuku alipiga simu. Siku nyingine zote, waliokuwa na neno ndani ya nyumba ile ni kuku.

Wa pili hawampati, Getruda alijiambia.

Mgeni alisema anaitwa Justine. Alianza na mvua, akaja kwenye kahawa, kisha akashusha sauti.

"Mama, huyu Tukuswiga ni mtu wa namna gani?"

"Nikufurahishe au nikwambie?"

"Niambie tu, mama."

"Ni mwepesi wa mkono. Tangu mdogo. Ukiacha kitu mezani ukikikosa, usiulize kimeenda wapi."

Justine alisogea karibu. "Na akipewa jambo la siri?"

Nyumba yoyote inataka mke wa kutunza siri. Getruda alijua swali hilo lingekuja. "Mdomo wake hauna mlango. Ukimwambia asubuhi, jioni wanalo Vwawa mjini."

"Ana watu upande wa Zambia?"

Ndugu walikuwa tele Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kama ilivyo kwa kila mtu huku. Lakini Getruda aliona upenyo, akapita.

"Yuko mwanamume huko. Simjui. Akija likizo anavuka kwake, halafu anarudi na pesa, na mimi mama yake siambiwi ni za nini."

Ulikuwa uongo mtupu. Tuku alikuwa mtoto wa kurudisha hata sindano ya jirani. Nisamehe mwanangu, alisema moyoni, ni kwa ajili yako.

"Mama, una hakika?" Justine alimtazama sana. "Wengine wote wamemsifu."

"Wengine hawakumzaa."

Akamletea kikombe cha kahawa. Kijana hakukigusa.

"Utanisamehe, mama. Kwa shughuli hii sipokei kitu."

Getruda akashusha pumzi. Mshenga asiyeonja cha nyumba amekwisha kukata tamaa.

Alipoondoka, Stamili alichungulia juu ya ua wa matete.

"Umemwambia nini kijana wa watu? Kapita hapa kama anatoka msibani!"

"Ukweli."

"Haya. Kaa na kuku wako."

Getruda aliinywa ile kahawa mwenyewe, ikiwa imepoa. Kisha akakifuta kigoda kwa kanga, taratibu, kama mtu anayefuta uso wa mtoto.

Jumapili simu ikalia.

"Shikamoo, mama. Umekaa? Kama umesimama, tafuta pa kukaa!" Tuku alikuwa anacheka.

"Marahaba, mwanangu." Getruda aliketi palipokuwa karibu. Palikuwa ni juu ya kigoda.

"Kuna jambo nilikuficha, nilitaka kwanza liive. Nimeomba kazi Tunduma, kutunza mitambo ya kompyuta ya serikali pale mpakani. Usaili nimepita. Kila Ijumaa jioni nitakuwa nakuja kulala nyumbani. Hutakaa peke yako tena, mama."

Kuku mmoja aliingia, akamtazama Getruda, akatoka.

"Kimebaki upekuzi tu. Wanatuma mtu kijijini, anauliza kimyakimya kama unaaminika na siri za serikali. Wenzangu hawalali kwa hofu. Mimi sina wasiwasi. Nimewaambia mwulizeni mama yangu, atakalosema yeye ndilo. Akija, mama, mpe kahawa. Halafu mwambie mimi ni mtu wa namna gani."